Fielder yangu nikiiloki iko kimya. Nataka inijibu kwa sauti

MamaLeso, Kisauni

Hamjambo nyote humu. Mie si mtu wa magari, mie ni muuza leso, kwa hivyo nikikosea jina la kitu nirekebisheni bila kunicheka sana.

Gari ni Toyota Fielder ya 2014, imeshuka bandarini Kilindini mwaka 2021, na tangu siku hiyo haijanisumbua ila mafuta na matairi. Ufunguo wake ni wa kuchomeka na kuzungusha, una vidude viwili: cha kuloki na cha kufungua. Nikiloki, indiketa zamulika mara moja. Nikifungua, mara mbili. Sauti hamna. Milango yenyewe yafanya "kchak", na usiku nyumbani naisikia vizuri. Lakini saa sita mchana karibu na Marikiti, tuktuk imekwama nyuma yako yapiga honi, makanga aita "feri, feri, Likoni!", mtu wa mkokoteni akupigia kelele umpishe, hiyo kchak yabaki siri yake na Mungu wake. Na taa ndiyo usiseme. Jua letu likishapiga kioo cha indiketa, iwake isiwake ni mamoja.

Sasa kisa. Ijumaa ilopita niliegesha hatua chache kutoka Biashara Street. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto, nilikuwa na korija mbili za leso mpya, zingali na karatasi zake. Mkono mmoja nimekumbatia mzigo mwengine, mkono mmoja mkoba na chupa ya chai, nikabonyeza rimoti kwa nyuma ya bega kama mtu afukuzaye nzi, nikenda zangu. Nusu saa sijamaliza, narudi, korija ni moja. Kioo kizima. Mlango hauna hata mkwaruzo. Aliyechukua alifungua, akachagua ile yenye rangi nzuri (wallahi alichagua, aliacha ile ya kahawia), akafunga mlango polepole kama mgeni mwenye adabu.

Watu wa pale wana maoni mawili. Wengine wasema wezi siku hizi wana rimoti za kuzibia, wewe wabonyeza na gari haisikii. Wengine, na mume wangu ni imamu wao, wasema sikuloki. Mie najua nilibonyeza. Kidole changu kina ushahidi.

Marehemu baba alikuwa dereva wa teksi, Peugeot 504, na yeye alikuwa akizunguka gari yote kuvuta kila mlango kabla hajaondoka. Sisi watoto tukimcheka. Sasa mie niko peke yangu na mizigo, sina mkono wa kuvutia milango.

Swali langu ni hili. Wifi yangu ana Harrier, akiloki yasema "pi". Moja tu, ya heshima. Je, hiyo "pi" iko ndani ya Fielder yangu imelala, yahitaji kuamshwa tu? Au ni kitu cha kununua? Fundi mmoja mitaa ya Mwembe Tayari ataka 6,500 aniwekee alamu kamili na king'ora. Mwengine asema ataunganisha loki na honi yangu ya kawaida, 1,000, dakika kumi, nakunywa soda kazi imekwisha.

Na kabla hamjanishauri king'ora: nakaa fleti, naondoka baada ya swala ya alfajiri, na dirisha lililo juu ya mahali naegesha lina mtoto wa mwezi mmoja na nusu. Mamake tayari aniangalia kwa jicho.

AxelaNyeupe, Nyali

Pole dada. Kwangu ilikuwa rahisi sana, Mazda Axela ya 2015. Kwenye skrini ya katikati unaingia mipangilio, halafu gari, halafu loki za milango, humo kuna sauti ya kuloki: kubwa, ya kati, ndogo, au izimwe. Pia ukiondoka na ufunguo mfukoni yenyewe inajiloki nyuma yako, ukiiruhusu. Fielder sijui. Skrini yako ina nini?

MamaLeso

Skrini yangu ni redio, na yasema Kijapani. Nimeishi nayo tangu 2021 kwa kukariri kidude cha tatu kutoka juu ndicho cha kuongeza sauti.

DerevaWaGolf, Bamburi

Shukuru Mungu ni Kijapani na haikuhusu. Mimi nina Volkswagen Golf ya kizazi cha saba. Nilitaka hiyo hiyo "pi", ikabidi nitafute mtu mwenye waya wa VCDS (programu ya kompyuta ya kuingilia mipangilio ya gari hizi), akaingia kwenye moduli ya 09, ikaomba namba ya kufungulia (31347), kisha tukakaa tunasoma maneno ya Kijerumani urefu wa treni: Akustische Rückmeldung verriegeln. Maana yake ni jibu la sauti wakati wa kuloki. Tukawasha hiyo, tukawasha na ile ya jumla, tukatoka nje tukabonyeza. Kimya. Kumbe yangu haikuja na king'ora cha kiwandani, na sauti hutokea humo. Nimelipa kazi ya kuwasha kitu ambacho hakipo. Kwa hivyo dada uliza kwanza kama kifaa kimo, halafu ndio uulize habari ya kukiamsha.

FundiWaya, Changamwe

Dada MamaLeso, pole kwa mali. Bwana wa Golf kanipokonya jibu mdomoni.

Kwa Toyota hizi za soko la Japani, ile "pi" ya wifi yako inatoka kwenye baza ndogo ya nje, yaani kidude cha kulia, na baza hiyo kwa kawaida huja na gari za ufunguo janja, zile za kubonyeza kuwasha. Kwa gari hizo sauti inapangwa kwa kompyuta: unachomeka waya kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva, unafungua programu ya Techstream, humo mna ngazi za sauti kuanzia kuzimwa kabisa hadi 7. Gari ya ufunguo wa kuchomeka kama yako mara nyingi ilitoka kiwandani na jibu la taa peke yake. Hata fundi akikuwekea ngazi ya 7 kwa kompyuta, ni kama kuongeza sauti ya redio isiyokuwa na spika. Ukiona mtu anataka hela za "kuprogramu pi" kwa hiyo Fielder, mwambie akuonyeshe baza kwanza kwa macho.

Utauliza kwa nini Wajapani hawakutumia honi kama gari za Marekani. Honi kwao haichezewi. Sheria yao ya barabarani, kifungu cha 54, inakataza kupiga honi ila penye alama ya kukutaka upige au kuepusha hatari. Ndio maana gari zao zinakukonyeza kwa taa.

Honi ya 1,000: kataa. Nimeshafungua gari mbili za kazi hiyo mwaka huu. Waya wa loki haukuwekwa kubeba honi. Honi inakula ampea kadhaa, na relei ya ndani (swichi ya umeme) inayoendesha loki haikupimwa kwa mzigo wa ziada. Itafanya kazi wiki, mwezi, halafu siku moja milango yote haisikii. Anayejua kazi ataweka relei ya pembeni na fyuzi yake, lakini huyo hatakuambia dakika kumi na soda. Na hata akifanya vizuri, honi ni honi. Mtoto wa mwezi mmoja na nusu utamwambia nini?

Alamu ya 6,500 si wizi, bei yenyewe ni ya kawaida kwangu, lakini unanunua vitu vingi usivyotaka: king'ora, kihisi cha mtikisiko ambacho lori la kontena likipita Makupa kitalia chenyewe, na rimoti ya pili ya kuning'inia kwenye ufunguo. Wewe unataka "pi".

Basi sikia njia ya kimasikini, ambayo mimi mwenyewe nimeiweka kwenye Probox yangu. Mota ya loki ya mlango ina nyaya mbili tu. Gari ikitulia, zote mbili ni hasi. Ukiloki, waya mmoja unapata volti 12 kwa kitambo, chini ya sekunde, na mwingine unabaki hasi. Ukifungua, zinabadilishana. Sasa ukichukua baza ndogo ya volti 12, ile nyeusi ya mviringo yenye tundu katikati, ukaunganisha wekundu wake kwenye waya unaopata umeme wakati wa kuloki, na weusi wake kwenye ule mwingine, italia wakati wa kuloki peke yake. Ukifungua, umeme unakuja kinyume. Unaweka diodi moja ya 1N4007 iuzuie usirudi kuidhuru baza. Na fyuzi ya ampea 1. Vifaa vyote havifiki 500.

Nyaya zenyewe utazikuta kwenye fungu linalopita pembeni ya mguu wa dereva, chini, nyuma ya plastiki. Usiamini rangi aliyokuambia mtu wa intaneti, hata mimi usiniamini rangi. Tumia taa ya kupimia, si mita ya tarakimu, maana umeme unapita haraka kuliko mita inavyosoma. Na kitu chochote kilichovikwa njano, au chenye plagi ya njano, usikiguse kamwe, hiyo ni mifuko ya hewa. Toa hasi ya betri kwanza kabla ya kukata chochote.

Jambo la pwani ambalo fundi wa bara hatakuambia: lehemu viungo, halafu vika mpira wa kubana kwa moto. Tepu peke yake hapa haikai. Joto linayeyusha gundi, chumvi ya hewa inaingia, na miezi sita baadaye shaba imekuwa kijani kama embe changa.

Lakini haya yote yangoje. Kabla hujatoa hata shilingi nifanyie kazi moja ya bure. Funga gari yote, loki kwa rimoti, uone taa zimemulika, halafu fanya alivyofanya marehemu mzee: zunguka uvute kila mlango na buti. Halafu urudi uniambie. Nina sababu yangu.

KijanaMtongwe

Mimi nasema ni rimoti za kuziba tu. Funguo za Kijapani nyingi zinazungumza kwenye masafa ya karibu megahezi 315, za Ulaya 433. Mtu akisimama karibu na wewe anarusha kelele masafa hayo hayo, gari haisikii ufunguo wako. Dalili yake: ukiwa mbali haijibu, ukisogea ukagusa mlango inajibu. Badilisha na betri ya ufunguo, iliyochoka nayo inafanya vivyo hivyo. Fungua uone ni CR2016 au CR2032, zinafanana kwa upana lakini unene si mmoja.

Mzee504, Tononoka

Mwanangu MamaLeso, nimesoma habari za babako nikatabasamu peke yangu. Nimeendesha 504 stesheni kwa miaka, tukipokea abiria wa treni ya usiku. Sote tulikuwa tukivuta milango. Haikuwa ujanja, gari ile haikuwa na rimoti, kila mlango una kipini chake. Kwa hivyo mnaposema siku hizi gari "inajibu", mimi huuliza, inajibu nini? Aliyekujibu amekwenda kuangalia?

MamaLeso

Shikamoo mzee. Inawezekana sana mlijuana na baba, lakini hapa sitataja jina.

Fundi, nimerudi. Kaa chini kwanza.

Jana jioni nimefunga gari, nikaloki, taa zikamulika mara moja vizuri kabisa. Nikavuta wa dereva: umeloki. Abiria wa mbele: umeloki. Nyuma kulia: umeloki. Buti: imeloki. Nyuma kushoto, mlango ukafunguka mikononi mwangu kama mlango wa duka. Nikarudia mara tatu. Mara ya pili ulikubali, mara ya tatu ukakataa tena.

Yaani nimeendesha sijui miezi mingapi na mlango ambao hauloki, nao ndio mlango wa mzigo! Na taa zanimulikia kila siku kuwa mambo sawa. Taa nzima ya kuajiriwa yanidanganya.

Bwana nilimwita aje ashuhudie. Nikamwambia, mie nililoki, mlango ndio haukuloki, kuna tofauti. Akanyamaza, akasema chai yapoa.

Na jambo jengine, sijui kama lahusu: kioo cha mlango huo huo, siku hizi chapanda kwa kubembelezwa. Mara kinakubali, mara mpaka nipige mlango kwa ngumi.

FundiWaya

Hicho kioo kimekuponya hela ya mota, dada.

Ndio sababu niliyoificha. Taa (na hata hiyo baza nitakayokufungia) haisemi "milango yote imeloki". Inasema "nimepeleka amri". Kwenye gari nyingi za hesabu hii kompyuta haina macho kwenye kila kitasa. Ukiacha mlango wazi itajua, maana mlango una swichi ya taa ya ndani, itakataa kukumulikia. Lakini mlango ukifungwa vizuri na mota yake ikalala, gari haina habari. Mzee 504 kauliza swali ambalo mimi wanafunzi wangu wanalikosa.

Sasa, mota ikifa peke yake, kioo hakihusiki, ni mota mbili tofauti. Vikiumwa vyote viwili, mlango mmoja, mara vinakubali mara vinakataa, tafuta mahali nyaya zao zinapopita pamoja. Nako ni kwenye ule mpira mweusi wa mikunjo kati ya mlango na mwili wa gari. Kila ukifungua mlango nyaya zinakunjwa, ukifunga zinakunjuliwa. Wewe mlango huo unaufungua mara ngapi kwa siku na mizigo yako? Waya hukatika ndani ya plastiki yake, ngozi nzima, shaba imekatika, ncha zinagusana zinapotaka.

Jaribu hivi: mtu akae kwa dereva abonyeze swichi ya loki ya mlangoni, si rimoti, kwa sababu rimoti haikubali mlango ukiwa wazi. Wewe ufungue mlango wa nyuma polepole huku ukiuminya huo mpira kwa mkono. Ukisikia kchak inakuja na kupotea kulingana na mkono wako, umempata mwizi wako wa kwanza. Usinunue mota.

KijanaMtongwe

Kwa hivyo hakuna rimoti ya kuziba?

FundiWaya

Zipo duniani, sijakataa. Lakini kwa kisa hiki mtu alipita akijaribu vishikio, kimoja kikamkubali. Huo ni utaalamu wa kale.

MamaLeso

Nimepita Changamwe Jumanne, kama tulivyosikizana. Nawaandikia kwa sababu kuna mtu aliuliza kwa ujumbe na mie sipendi kujibu jambo moja mara kumi.

Ulikuwa mpira ule ule. Nyaya mbili zimekatika kabisa na ya tatu imebaki nyuzi nyuzi, yashikilia kwa dua. Fundi hakuziunganisha hapo hapo kwenye mkunjo. Alizikata mbali, akaingiza vipande vipya vya waya laini ili kiungo kiwe ndani ya mlango ambako hakukunjwi, akalehemu, akavika mpira wa moto. Asema kiungo kikikaa kwenye mkunjo kitakatika tena pembeni yake. Kioo sasa chapanda kama cha gari ya waziri.

Halafu baza. Hapo tulibishana kidogo. Alitaka kuiweka ndani ya boneti, mie nikataka nyuma, kwa sababu mie huondoka gari ikiwa mgongoni mwangu, na huko ndiko sikio langu liko. Akakubali. Imekaa nyuma ya bampa ya nyuma, tundu laangalia chini maji yasiingie. Kazi yote, nyaya za mlango na baza, nimelipa 1,800, na vifaa vya baza vilikuwa 380 katika hizo. Ya 6,500 nimeinunulia leso.

Siku ya kwanza nilisimama Biashara Street saa saba kasoro nikabonyeza mara nne kwa raha zangu. "Pii." Fupi hivyo. Kijana wa duka la mkabala kaniuliza kama nimenunua gari mpya.

Lakini alfajiri yake, wacha! Kule mjini ni pi ya adabu, huku kwenye ukuta wa fleti, kimya kimetanda, ilikuwa ni mbinja ya refa. Taa ya lile dirisha la juu ikawaka. Sikungoja kuona uso. Nilimpigia fundi, akasema nikate kipande cha tepu nene nizibe nusu ya tundu la baza. Nimeziba robo tatu. Sasa ni kama panya aliyekanyagwa mkia kidogo, na hiyo yanitosha, naisikia mjini nikiwa hatua sita au saba. Zaidi ya hapo siisikii, kwa hivyo nimejifunza kubonyeza kabla sijafika mbali. Na mamake mtoto nimempelekea doti moja, ile ya kahawia alonibakishia mwizi. Jina la leso, ule msemo wake, limeandikwa vizuri lakini rangi haikuwa na mnunuzi.

Aliyeuliza kama hulia hata ukiloki kwa ndani: ndiyo, ukibonyeza swichi ya mlango wa dereva yalia pia, maana ni amri ile ile. Watoto wamegundua. Nimewakataza, haijasaidia.

AxelaNyeupe

Hongera dada! Na ikijiloki yenyewe? Nasikia Toyota ukifungua kwa rimoti usipofungua mlango inajiloki tena.

MamaLeso

Kweli, baada ya kama nusu dakika, na yalia. Mara ya kwanza nilishtuka nikaangalia nyuma nikidhani ni mtu.

Mzee504

Marahaba mwanangu, nilichelewa kukujibu salamu. Je, bado wavuta milango?

MamaLeso

Ule mmoja tu, mzee. Wa nyuma kushoto. Na kiwiko, nikiwa nimebeba.

KijanaMtongwe

Fundi, nami nataka hiyo baza kwenye Vitz yangu, nitajifungia mwenyewe. Diodi inaelekea wapi? Ina mstari wa fedha upande mmoja.

FundiWaya

Mstari wa fedha uangalie baza. Waya wa kuloki, fyuzi, diodi, mstari, halafu wekundu wa baza. Ukiigeuza, baza itakaa kimya ukiloki, na ukifungua umeme wa kinyume utaifikia na unaweza kuidhuru. Ukiunganisha ikalia wakati wa kufungua badala ya kuloki, umekosea waya, badilisha hizo mbili. Na njano usiguse.